Kwangu Hakohoi

Mwanangu alikuwa akipumua vizuri nyumbani kwa wifi yangu. Akirudi kwangu, kabla vumbi la safari halijamtoka miguuni, kifua kilianza kubana, na pumzi ikawa inatoka kwa taabu kama ya mtu anayepuliza moto uliogoma kuwaka.

Naanza na hilo kwa sababu ukoo mzima ulilijua, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Ya wifi yalikuwa mafupi kuliko yote. Aliyasema kwenye simu, aliyasema nje ya kanisa alipopanda Krismasi, aliyasema mbele ya mama yake huku ameshika kikombe cha chai: "Kwangu hakohoi."

Maneno mawili tu. Sijasikia tena maneno mawili yenye kiburi kama yale.

Nirudi nyuma, niyaweke mambo kwa mpangilio. Sisi tunakaa Upare ya Kusini, juu, upande wa Bombo, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila kupiga hodi. Tunalima tangawizi, maharage na migomba. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa tangawizi, na kazi ya katibu ni kushika kilichosemwa na aliyekisema, bila kutia chumvi. Mume wangu yuko tambarare kwenye mashamba ya mkonge, anapanda kwetu mwisho wa mwezi. Binti yetu wa pekee alikuwa darasa la pili. Wifi yangu, dada yake mume wangu, anaishi Same mjini na anauza chaja na makava ya simu karibu na stendi. Ana nyumba ya vyumba viwili, sakafu ya saruji, jiko la gesi. Hakujaliwa mtoto.

Kila likizo binti yangu alishuka kwa shangazi yake. Hilo halikuwa neno; shangazi ni baba. Lakini likizo moja wifi alimrudisha mwenyewe, akakaa kwenye kigoda changu, akasema mbele ya mama mkwe:

"Mama, namwomba huyu mtoto. Akae na mimi, asome mjini. Huku anaugua tu."

"Si umwombe mwenye mtoto," mama mkwe alisema, lakini alinitazama kama mtu aliyekwisha kujibu.

Kwetu, dada asiye na mtoto kupewa mmoja wa kulea si jambo la ajabu. Mimi mwenyewe nililelewa miaka kadhaa kwa mama mdogo. Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ingeweza kusemwa kwa sauti. Nikasema tutazungumza baba yake akipanda. Kuanzia siku hiyo kila kikohozi cha mwanangu kikawa shahidi, na shahidi huyo alikuwa upande wa wifi.

Kikohozi chenyewe nilikijua. Kilikuwa kikavu, kilikuja alfajiri, kikimwamsha na kumkalisha kitandani, kisha jua likichomoza kinaondoka, ungesema hakikuwapo. Wiki ingepita bila neno, halafu kinarudi. Wenzake walipokimbia kupanda kwenye ndiva, lile bwawa tunalokusanyia maji ya kumwagilia mashamba, yeye alisimama katikati ya mlima, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka.

"Bibi kachoka! Mleteeni bibi mkongojo!" walimpigia kelele.

Kwenye kwaya ya watoto aliuacha mstari katikati na kuudaka tena mwishoni, na mwalimu wa kwaya akasema ni mvivu wa kuimba. Ukiweka sikio mgongoni mwake ulisikia kitu kama filimbi inayopigwa mbali.

Haya yote niliyaona, ila niliyasoma kwa macho ya mtu anayeogopa kuibiwa kitu. Mama mkwe ndiye aliyenipa tafsiri. "Huyo hana ugonjwa," alisema. "Anamlilia shangazi yake. Mtoto akipenda mahali, ukimwondoa, kifua kinabana." Nikaamini mara moja, maana ndicho nilichokuwa nakiogopa. Filimbi ile nikawa naisikia kama jina la mwanamke mwingine.

Na mengine yalikuwapo ya kuniongezea. Alirudi kutoka mjini ananukia losheni ya wifi. Nywele zilisukwa mtindo nisioujua, na nikitaka kuzifumua analia. Kila sentensi ilianza na "kwa shangazi". Kwa shangazi kuna runinga. Kwa shangazi chai ina maziwa ya paketi. Kwa shangazi tunalala dirisha wazi.

"Basi nenda kaolewe huko kwa shangazi," nilimwambia siku moja.

"Shangazi si mwanaume, mama," alinijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Nikaamua kumvuta kwangu kwa silaha niliyokuwa nayo, makande. Wifi na gesi yake hakuweza kunifuata huko. Makande ya kweli yanataka chungu, kuni, na siku nzima. Basi kila mtoto aliporudi, niliinjika mahindi na maharage asubuhi. Jiko letu lilikuwa kibanda cha udongo kisicho na dirisha, na juu ya mafiga kulikuwa na dari tunakoweka mahindi ili moshi uyakaushe na kuwafukuza wadudu dumuzi. Msimu wa baridi kuni za mgrivea huwa mbichi. Zinatoka povu na moshi mzito kabla ya kutoa moto. Mlango niliufunga, ubaridi usiingie. Nilimkalisha binti yangu ubavuni mwangu, nikampa mwiko, nikamsimulia habari za bibi zake. Nilitaka joto la jiko langu limwingie mifupani, asahau gesi.

Jioni chungu kimeiva, mtoto anahema, wala hagusi chakula.

"Hata makande yangu huyataki?"

"Nayataka, mama. Kifua ndicho hakitaki."

Alinijibu wazi hivyo, na nilikuwa nimekaa karibu naye hata magoti yetu yaligusana. Mimi nikasikia "shangazi".

Baadaye mama mkwe akabadili mawazo. Sasa ilikuwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kimerefuka, alisema, kinamkera, na kikikatwa kikohozi kitakwisha. Ng'ambo ya bonde yuko mzee anayekata. Nilisitasita. Habari zikamfikia wifi, naye akapiga simu.

"Wifi, mtoto asiguswe koo. Mpelekeni hospitali. Na kama hamwezi, nileteeni. Kwangu hakohoi."

Angeishia kwenye hospitali ningekubaliana naye. Ile sentensi ya mwisho ndiyo iliyonifanya nimwambie mama mkwe ampelekee mzee yule salamu. Tukapanga Jumamosi. Binti alikuwa mjini kwa likizo fupi, basi Alhamisi nikashuka kwenda kumchukua.

Sikupiga simu, makusudi. Nilitaka kuikuta nyumba ile kama inavyokuwa pasipo mgeni. Muda mrefu nilikuwa nikijiuliza anampa nini: dawa gani, mafuta gani, maji kutoka kwa nani. Nilibeba ndizi na tangawizi kwenye kapu, lakini nilichokwenda kufanya kilikuwa ukaguzi.

Same ilikuwa na upepo wake na vumbi lake jekundu. Nikajisemea, eti hapa ndipo mtoto anapopumua? Kwetu milimani hewa ni safi mpaka watu wa mjini wanapanda kuja kuivuta. Nikamkuta binti yangu uani anaruka kamba, na anaimba huku anaruka. Hakuacha mstari hata mmoja.

"Shikamoo, mama! Umekuja kulala?"

"Marahaba. Nimekuja kukuchukua."

Kamba ikamlegea mikononi.

Wifi alitoka na kanga begani. "Jamani wifi! Hata simu? Si ningenunua hata nyama."

"Usijisumbue. Nimekuja kuona tu."

"Kuona nini?"

"Kuwaona."

Alicheka. Alinielewa. Aliniachia nyumba makusudi, akaenda dukani kununua mchele, na mimi nikakagua. Kabatini nilikuta vidonge vya maumivu na plasta. Jikoni mafuta, chumvi, sukari. Chini ya kitanda ndala na ndoo. Hapakuwa na chupa iliyofungwa kitambaa, wala unga kwenye kipande cha gazeti. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, dirisha wazi, na neti imechomekwa vizuri chini ya godoro. Nilitafuta siri nikaikosa, na kuikosa kukaniuma kuliko kama ningeiona. Kama hampi kitu, basi kinachomponya ni yeye mwenyewe.

Alasiri tulikuwa tumekaa kizingitini, sisi wawili, tunachambua mchele. Jirani akachoma takataka nyuma ya ukuta: majani, matambara, mifuko. Upepo ukageuka, moshi ukaujaza ua. Binti yangu akaacha kuruka. Akakohoa, akakohoa tena, kisha hakuacha.

Nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa. Niliweka ungo chini nikasema, "Haya, wifi. Kwako hakohoi?"

Wifi alikuwa anamtazama mtoto, nami nikafuata macho yake. Binti alikuwa ameinama, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, vilevile kama kule njia ya ndiva. Ile filimbi niliyoijua ikaanza. Nikautazama moshi. Nikamtazama mtoto. Moshi ulipita juu yetu mzito na wa kijivu, ukanikwaruza koo, nikaukumbuka mlango wangu uliofungwa, na kigoda, na mwiko.

"Wifi," nikasema, na sauti haikuwa ile ya kwanza. "Ni moshi."

"Moshi gani?"

"Huu. Na wa kwangu."

Mtoto alitaka kuniambia kitu. "Ma…" akavuta hewa, "…ma," akavuta tena. Neno halikuisha. Kila alipovuta, ngozi ya katikati ya mbavu ilizama ndani, na shimo la chini ya koo lilizama nayo. Wifi alikuwa amekwisha fika barabarani, pekupeku, anaita bajaji.

Hospitalini hawakutuketisha kwenye foleni. Muuguzi alichukua chupa tupu ya maji ya kunywa iliyotobolewa kitako, akachomeka pale kipampu cha dawa ya kuvuta, mdomo wa chupa akauweka mdomoni kwa mtoto. Akabonyeza, mtoto akavuta, akabonyeza tena. Tulisimama kila mmoja upande wake wa kitanda kama watu wanaogombea shamba. Taratibu mbavu zikatulia. Binti yangu akasema, "Kumefunguka," akaomba maji.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. "Mama wa mtoto ni nani?"

Wifi alifungua mdomo kabla yangu, akaufunga.

"Mimi," nikasema.

Akaniuliza mfululizo. Kikohozi huja saa ngapi? Huondoka chenyewe? Akikimbia inakuwaje? Anapata homa? Amekonda? Kuna mtu nyumbani anatibiwa kifua kikuu? Nikamjibu moja baada ya jingine: alfajiri, kukaa kitandani, mlima, kwaya, filimbi, wiki nzima hana neno halafu kinarudi. Nilikuwa nayo yote. Wifi akaingilia, "Mimi kwangu, daktari…" na daktari akainua kidole. "Ngoja kwanza mama amalize." Nimeyatunza maneno yale kama watu wanavyotunza picha ya harusi.

Kisha akauliza kama katika familia kuna mwingine mwenye kifua cha namna hii.

"Kwetu hakuna," wifi alisema haraka.

"Kwetu yuko," nikasema.

Mama yangu mzazi alilala ameketi, ameegemea ukuta, kila msimu wa baridi. Wakati wa kupura maharage alijifunga kitambaa puani, na bado jioni alikuwa akihema mlangoni. Watu walisema amerogwa, wengine wakasema ni kifua cha baridi. Hakuna aliyekipa jina jingine mpaka tulipomzika. Nilimweleza daktari haya kwa fahari isiyofaa mahali pale. Losheni na mtindo wa nywele ni vya wifi, sawa. Lakini kifua kile kilitoka kwetu.

Daktari alimulika tochi kooni kwa mtoto. "Kimeo ni cha kawaida. Asikatwe, hakihusiki." Wifi hakunitazama, na kutonitazama kule nikakuhesabia kama tusi. Daktari akaendelea: "Siwezi kuwaambia kwa hakika kwa siku moja. Lakini kikohozi kinachokwenda na kurudi, kinachoamsha alfajiri, kifua kinachopiga mluzi, kuchoka akikimbia, moshi unaanzisha, dawa ya kuvuta inafungua, na bibi yake alikuwa hivyo. Haya yakikaa pamoja nafikiria pumu. Tutamfuatilia. Vukeni naye msimu wa baridi, kisha mnirudishie."

Akatuonyesha namna ya kutumia chupa na kipampu. Akatuambia tusingoje nyumbani ikiwa dawa haifungui, au mtoto anashindwa kumaliza maneno, au mbavu zinazama, au midomo inabadilika rangi. Kisha akauliza, kana kwamba ni swali dogo, "Anaishi wapi?"

Wifi alinitazama, nami nikamtazama.

"Popote atakapoishi," daktari alisema, "pasiwe na moshi."

Nilingoja wifi aseme maneno yake mawili. Hakuyasema. Angeyasema ningemvumilia vizuri zaidi.

Mume wangu alipopanda tulikaa kikao. Mama mkwe alilikataa neno lenyewe: "Msiitaje pumu. Ni mtoto wa kike, mtamkosesha mume." Wifi akasema mtoto hatafuti mume, anatafuta hewa. Mimi nikasema, jikoni kwangu kunajengeka. Mwisho tukakubaliana hivi: muhula huo asome mjini, likizo ya mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, apande kwangu. Akipumua vizuri mpaka shule zifunguliwe, abaki kwa mama yake. Asipopumua vizuri, akae kwa shangazi, na mimi niwe wa kutembelewa.

Nimekuwa na muhula mzima wa kubomoa. Dari imeshuka, mahindi sasa yako kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na mama mkwe anasema mahindi yasiyoonja moshi ni chakula cha kuku. Ninapikia nje, chini ya bati lisilo na kuta, kwa kuni zilizokauka tangu kiangazi. Makande yanachelewa zaidi kuiva, upepo unaiba moto. "Haya hayana ladha," anasema mama mkwe, na kuongeza sahani ya pili. Simu zilipita kila jioni, wifi akiniambia anavyomvutisha dawa, mimi nikisikia nyuma yake sauti ya mwanangu akiimba na runinga.

Amekuja likizo na begi lake, chupa ikichungulia kwenye zipu. Asubuhi ya kwanza nilishika kile kipampu ili nimwonyeshe kwamba najua.

"Sivyo, mama," akasema, akakichukua mkononi mwangu. "Shangazi hutikisa kwanza."

Nikatikisa. Daktari alituonyesha wote wawili, siku moja, chumba kimoja, lakini kwa mwanangu ile ni dawa ya shangazi.

Siku zimekwenda vizuri. Alfajiri namsikiliza kutoka chumba cha pili, na mara nyingi nasikia usingizi mtupu. Mara moja alikohoa. Mama mkwe alisema ni ukungu, mume wangu akasema ni mafua, mimi nikaenda kuzikagua kuni. Wifi anapiga kila jioni na hana haja ya salamu. "Mpe simu," anasema. Anataka niiweke kifuani pa mtoto asikie mwenyewe.

Leo ukungu umeshuka mapema, na kuni nyingine zimelowa. Binti alishinda kwenye ndiva na wenzake. Wakati wa kupanda alisimama njiani mara moja, ameinama. Nilimwona kutoka shambani. Nilipomuuliza alisema alikuwa anakaza kamba ya ndala. Ndala ile kweli ina kamba mbovu.

Simu ikalia. Nikaiweka kifuani pake.

"Umesikia?" wifi akauliza.

"Nini?"

"Kama filimbi."

"Ni mtandao. Ukungu ukishuka simu za huku zinalia hivyo."

"Weka sikio, wifi."

Nikaweka sikio. Nywele zangu zilimtekenya, akaanza kucheka, na ndani ya kicheko kulikuwa na sauti nyembamba ambayo sikuweza kujua ni ya kucheka au ya kifua. Nikamwambia atulie, akacheka zaidi. Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Wifi alikuwa bado kwenye simu, ananingoja niseme nilichosikia.